Nionyeshe Siku Yako

Kabla ya mtu kupasuliwa jicho, Sista alimtaka amwonyeshe siku yake. Hakusema "nisimulie". Alisema "nionyeshe". Basi mgonjwa alisimama kati ya safu mbili za vitanda vya wodi ya macho na kuigiza kila alifanyalo tangu kuamka hadi kulala, naye Sista akimfuata nyuma, mikono mgongoni, akihesabu ni mara ngapi kichwa kinashuka chini ya kiuno.

Watu walicheka sana. Mwanamke mfanyabiashara kutoka Matete alionyesha anavyojitwika gunia la mahindi, akasahau kwamba ni igizo, akakaribia kujitwika kabati la dawa. Mzee mmoja alikataa kabisa kusimama.

"Mimi sina kazi, Sista. Siku hizi ni kukaa tu."

"Basi nionyeshe unavyokaa."

Mzee akakaa kwenye stuli, mgongo wima, kama anayepigwa picha. Baada ya muda akainama ghafla, akaokota jiwe lisilokuwepo, akalirusha. "Shii!" Akainama tena.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kuku. Wanakuja kwa mahindi yangu niliyoanika."

"Wanakujanga mara ngapi?"

"Ni wengi, Sista."

"Basi wiki sita watakula na washibe. Jicho ni lako, mahindi ni ya kuku."

Nieleze sababu ya haya yote, kwa maana bila sababu yataonekana mchezo. Mtoto wa jicho ni lenzi iliyo ndani ya jicho kupata ukungu, kama kioo cha dirisha la jikoni kinachoshika moshi mwaka baada ya mwaka. Miaka ile ya tisini, daktari wetu alikuwa akikata mdomo mdogo pembeni mwa kioo cha mbele cha jicho, akaitoa lenzi yenye ukungu, akaweka ya plastiki mahali pake, kisha akashona kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Kazi hiyo ikienda vizuri, aliyeongozwa mkono kuingia wodini hutoka akiongoza wengine. Lakini mshono huo hubaki mbichi kwa wiki kadhaa. Ukiinua mzigo, ukikohoa kwa nguvu, ukipiga chafya au ukiinama sana, presha ndani ya jicho hupanda na mshono unaweza kuachia. Ukiachia, vijidudu vina mlango.

Sista aliyasema yote hayo kwa sentensi moja: "Ukuta uliokandikwa leo hauegemewi." Hakuna mtu wa Kakamega aliyehitaji kuelezwa zaidi. Sote tumewahi kukandika nyumba kwa udongo, na sote tumewahi kumfukuza mtoto asiuguse ukuta uliolowa.

Hakuwa yeye aliyepasua. Alikuwa muuguzi mkuu wa wodi. Alimwandaa mgonjwa kabla, akamfungua bandeji baadaye, akamfundisha namna ya kurudi nyumbani. "Daktari anakaa na jicho nusu saa," alikuwa akisema. "Mwenyewe anakaa nalo wiki sita. Sasa mimi niangalie nani?"

Alikuwa mfupi, mwenye hatua za haraka, na viatu vyake vya raba ulivisikia kabla hujamwona. Mfukoni alikuwa na tochi ndogo. Miwani yake ilikuwa imevunjika mkono mmoja, akaufunga kwa uzi na kuuacha hivyo miaka yote niliyomjua, ingawa alikuwa akitengeneza miwani ya wagonjwa kila wiki. Aliwapiga watu vidole wakijifikicha macho, naye akichoka alijifikicha yake kwa ngumi mbili kama mtoto mwenye usingizi. Na aliogopa ng'ombe. Mgonjwa akiigiza kukama, Sista alirudi nyuma hatua mbili, kana kwamba mnyama yupo pale wodini na huenda akapiga teke.

Desturi ya kuonyeshana siku ilizaliwa na kosa, naye hakulificha. Aliwasimulia wauguzi wapya kila mwaka.

Alikuja mzee Mwislamu kutoka upande wa Matungu, akapasuliwa vizuri. Sista akamwelekeza: usilime, usibebe, usiiname shambani. Mzee akatii kila neno. Jembe hakuligusa, hata kikapu cha mboga alibebewa. Lakini mara tano kwa siku alitandika mkeka, akasujudu, paji la uso likagusa chini. Siku ya nne mshono ukaachia, na ule utando mweusi wa ndani ya jicho ukachungulia nje. Daktari aliurudisha, lakini uwezo wa kuona ulibaki nusu.

Mzee hakukasirika. Alimwambia tu, "Sista, uliniambia nisiiname nikilima. Hukuniambia lolote juu ya kumwinamia Mungu."

Siku ya mapumziko yake Sista alikwenda Mumias, akabisha nyumbani kwa imamu, akasalimiwa na kujibu salamu vibaya, akauliza: mgonjwa wa jicho anaswali vipi? Imamu akamwambia kwamba mgonjwa ana ruhusa ya kuswali ameketi, akiashiria kwa kichwa kidogo tu, na kwamba ruhusa hiyo ni ya tangu zamani.

"Ilikuwepo miaka yote," Sista alikuwa akimalizia. "Aliyekosekana ni wa kuuliza."

Nami nilimfahamu kwa sababu ya mama yangu.

Mama alikuwa akiishi Iguhu, kwenye boma letu, pamoja na kaka yangu mkubwa. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mjini na nilipanga chumba Shirere. Macho yote mawili ya Mama yalikuwa yameshika ukungu, la kulia likitangulia. Nikamleta wodini mwenyewe, nikajivunia kwamba ni mimi niliyemleta.

Sista akamwambia, "Mama, nionyeshe siku yako."

Mama alikuwa na haya. Alionyesha kupuliza moto, na Sista akasema hapana, mwingine atapuliza. Akaonyesha kukama, na Sista akarudi nyuma, wodi ikacheka. Mimi nilisimama kando, kitabu chake cha nyimbo mkononi, nikimkumbusha: umesahau kuchota maji, umesahau kupepeta maharagwe. Nilikuwa namsahihisha kama mwanafunzi. Mwisho Sista akauliza, "Na baada ya kula? Ukipumzika, unafanyanga nini?"

Mama akashika fundo la leso yake. Nikajibu mimi.

"Mama hana tabia yoyote mbaya, Sista. Ni mtu wa kanisa."

Mama akasema, "Ndiyo. Ni kupumzika tu."

Jicho la kulia likapasuliwa. Alipofunguliwa bandeji asubuhi iliyofuata, aliutazama mkono wangu, akauliza kwa nini sivai pete niliyopewa na nyanya. Tukaenda nyumbani tukiimba.

Siku ya sita, akiwa Iguhu, jicho lilianza kuuma. Alivumilia siku tatu bila kumwambia mtu. Kaka alipoona kope zimevimba na machozi mazito yanatoka, alimleta haraka, lakini usaha ulikuwa umeshajaa ndani. Walimpa sindano na dawa za kila aina. Wiki ya pili ikabidi sehemu ya ndani ya jicho itolewe, ili ugonjwa usipande zaidi. Nakueleza haya waziwazi kwa sababu ndivyo Sista alivyotufundisha tuyaeleze: jicho lililopasuliwa likianza kuuma, likiwa jekundu, au kuona kukipungua, unarudi siku hiyo hiyo. Si kesho, si baada ya soko.

Mama alipoulizwa nini kilitokea, alisema, "Liliuma tu."

Jumamosi moja Sista akaja Iguhu, peke yake, kwa miguu kutoka barabarani. Kaka alimsubiri mlangoni. Kaka hufanya kazi kwenye mizani ya miwa, na amezoea kuwaambia watu wazima kwamba wamekosea.

"Umekuja kuangalia kazi yako?"

"Ndiyo," Sista akasema. "Nimekuja kuangalia kazi yangu."

Aliomba kukaa na Mama wawili tu, nyuma ya jikoni. Walikaa muda mrefu. Aliporudi uani alisimama mbele yetu, akavua miwani, akaipangusa kwa kona ya sweta.

"Sasa nimejua kilichotokea. Kosa ni langu. Niliuliza vibaya."

"Mmesikia?" Kaka akatugeukia. "Amesema mwenyewe! Basi jicho lililobaki hamtaligusa."

"Lililobaki ndilo lililonileta," Sista akasema.

Nami nilikuwa upande wa Kaka. Siwezi kulificha hilo. Nilimtazama yule mwanamke nikaona mtu aliyempofusha mama yangu na kukiri kwa mdomo wake.

Kuanzia hapo alikuja kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi. Hakuna aliyemwalika. Kaka aligundua hofu yake ya ng'ombe, akaanza kumfunga dume letu palepale kwenye njia ya kuingilia, kamba ndefu. Mara ya kwanza tulimsikia akipaza sauti kutoka mbali, "Mufunge huyo ng'ombe!" Kaka akajibu kwamba amefungwa. Tukachungulia. Sista alisimama muda, akashika mkoba wake kifuani, akapita kando ya ua wa miti, mgongo ukikwaruzwa na matawi, macho yakiwa kwenye pembe za yule dume. Alifika uani, akachomoa majani kwenye sweta, akatusalimu, "Mulembe," kama aliyetoka matembezi. Mwezi uliofuata dume alikuwepo tena, na Sista akaja tena.

Kila mara alifanya jambo moja. Alimketisha Mama mlangoni penye mwanga, akainua vidole, akarudi nyuma.

"Vingapi?"

Mwanzoni Mama aliviona kwa hatua nne. Halafu tatu. Halafu moja. Ukafika mwezi ambao hakuona vidole, aliona tu kwamba mkono unapunga. Sista alitangaza kila matokeo kwa sauti, mbele yetu sote, bila kulaumu mtu, halafu akatueleza tena yale aliyoyaeleza mwezi uliotangulia. Kwamba mtoto wa jicho hawezi kungojwa milele. Akikomaa kupita kiasi anaweza kuvimba, presha ya jicho ikapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo ukafa. "Mshipa ukifa, hakuna daktari, hakuna uzi, hakuna lenzi. Leo mlango bado uko wazi. Sijui utakuwa wazi mpaka lini."

"Na ukimharibu tena?" nilimuuliza siku moja. "Atabaki na nini?"

"Inaweza kutokea, Mwalimu. Sitakudanganya. Kumpasua kuna hatari. Kutompasua hakuna hatari, kwa sababu mwisho wake unajulikana."

Nilitaka aseme hapana, haitatokea. Hakuwa mtu wa kutoa maneno ya namna hiyo. Hata neno "pole" sikumsikia akilitumia sana. Mgonjwa akilia, alimpa kazi: shika hiki, fumba, fumbua, hesabu.

Mwezi ambao Mama aliona mwanga tu, Kaka hakutegemea dume. Alisimama mwenyewe njiani.

"Leo hapana, Sista. Mama amechoka na hizi tochi zako. Ulishakubali kosa. Unatafuta nini tena?"

"Niingie nimwone, halafu unifukuze."

"Nimekufukuza sasa."

Wakati huo Mama alitoka nyumbani, akipapasa ukuta. Alipofika usawa wa sauti zetu alisimama, akafungua fundo la leso yake kiunoni, akatoa kikopo kidogo cha bati, akakinyoosha mbele, upande ambao hakuna mtu aliyesimama.

"Ni hiki," akasema.

Kaka akakichukua, akakifungua, akapiga chafya.

Ugoro. Mama yangu, aliyewafundisha wanawake wa kanisa nyimbo, kanisa lisilotaka hata kusikia harufu ya tumbaku, alikuwa akivuta ugoro kila siku baada ya kula, nyuma ya ghala, tangu baba alipofariki. Siku ya sita baada ya upasuaji alishindwa kuvumilia. Alipiga chafya mara saba, akasikia kitu kinaachia ndani ya jicho. Akanyamaza siku tatu kwa sababu angeulizwa alikuwa akifanya nini.

"Nilimwambia Sista siku ile ya kwanza, huko nyuma ya jikoni," Mama akasema. "Nikamwomba asiseme. Mumemtukana karibu mwaka, mumemwekea ng'ombe, na yeye amenyamaza. Mimi nimechoka kumbebesha."

Kaka alikaa chini kwenye nyasi, kikopo mkononi.

Nilidhani Sista atatutazama kwa macho ya ushindi. Nilistahili. Badala yake alimshika Mama kiwiko, akampeleka kivulini.

"Mama, hata hivyo kosa langu liko palepale. Nilikuuliza siri yako mbele ya wodi nzima, na mbele ya binti yako ameshika kitabu cha nyimbo. Ungenijibu nini?"

Ndipo nikasikia sauti yangu mwenyewe ya siku ile wodini: Mama hana tabia yoyote mbaya. Nilikuwa nimemfunga mdomo kwa sifa.

Tulimpeleka wiki hiyo hiyo. Wodini niliona kitu kipya: pazia la kijani kwenye kona, na kiti kimoja. Watu waliendelea kuonyesha siku zao katikati ya wodi na kuchekwa kama zamani. Lakini baadaye Sista alimwita kila mgonjwa nyuma ya pazia, na jamaa wote, mume, mke, mwana, mchungaji, walitolewa nje mpaka kwenye ukumbi. Nilitolewa na mimi. Nilikaa kwenye benchi karibu na Kaka. Kutoka ndani tulisikia Mama akicheka, cheko ambalo sikuwa nimelisikia tangu jicho la kwanza.

"Wanasema nini?" Kaka akauliza.

"Hatuambiwi," nikasema. "Ndiyo maana anacheka."

Sista hakumwambia Mama aache ugoro. "Hayo ni yako na kanisa lako. Mimi nataka wiki sita." Akakitia kikopo mfukoni mwake pamoja na tochi.

Upasuaji wa pili haukuwa laini. Asubuhi bandeji ilipofunguliwa Mama hakuona ila ukungu mweupe. Presha ya jicho ilikuwa imepanda, na kioo cha mbele kilikuwa kimevimba. Nikaanza kulia pale pale. Sista akanipa chupa ya matone.

"Shika. Mvutie kope ya chini. Tone moja. Usimguse na mdomo wa chupa."

"Sista, limeharibika?"

"Kuna tatizo. Tatizo ninaloliona naweza kupigana nalo. Hesabu mpaka sitini, halafu weka hii nyingine."

Tulipigana siku tatu. Daktari akaongeza vidonge. Sista alimtazama Mama kila saa, kwa tochi yake, akijifikicha macho katikati. Siku ya nne Mama alikaa kitandani, akamkodolea macho Sista aliyekuwa akipita, akasema, "Kumbe bado wewe ni mfupi hivi!"

Wiki sita zilipoisha, Sista alikuja Iguhu na kile kikopo. Kaka alikuwa amempeleka dume upande wa pili wa mto tangu alfajiri. Kuku akachinjwa, na firigisi, ambayo kwetu hupewa mgeni mwanamume mwenye heshima, Kaka aliitoa kwenye sahani yake kwa mkono wake, akaiweka kwenye sahani ya Sista. Sista akaila yote.

Mara ya mwisho nilipokaa naye ilikuwa miaka michache baadaye, mwishoni mwa muongo ule. Alikuwa amestaafu, lakini Jumamosi zake bado zilikuwa za kutembelea watu wa mishono. Alinikuta Iguhu kwa Mama. Kwa wakati huo na mimi nilikuwa na jambo. Nilikwenda kupimwa miwani ya kusomea, wakagundua presha ya macho. Ugonjwa huo hauumi. Unakula uwezo wa kuona polepole, kutoka pembeni, na kilichopotea hakirudi. Dawa hulinda kilichobaki tu, na dawa zikishindwa ndipo unapelekwa kupasuliwa. Nilikuwa nimepewa matone ya kila siku, asubuhi na jioni.

Sista alimaliza chai yake, akaweka kikombe chini.

"Mwalimu, nionyeshe siku yako."

Nilicheka. Hakucheka. Nikasimama pale sebuleni, mwanamke mzima, nikaonyesha: kuamka, matone, kupiga pasi, shule, ubao, chaki, kurudi nyumbani, matone, kusahihisha madaftari, kulala. Nilifanya vizuri. Mama alikuwa kwenye kiti chake, anachagua maharagwe, akitupa mabovu bila kuyapapasa, na kila nilipoonyesha matone alitikisa kichwa kwa kuridhika.

Sista alinitazama mkono. Sijui aliona nini. Labda nilishika chupa ile ya jioni kama mtu ambaye hajaishika siku nyingi. Kwa kweli matone yale yalitia giza machoni kwa saa nzima, na madaftari yalikuwa yakinisubiri. Miezi miwili nilikuwa nikiyaruka ya jioni, na singesema hayo mbele ya mama mwenye jicho moja.

Sista akamgeukia.

"Mama, hebu utupishe kidogo. Toka nje."

"Mimi? Nyumbani kwangu?"

"Wewe, nyumbani kwako."

Mama alitutazama, mmoja kisha mwingine. Akaanza kucheka lile cheko la nyuma ya pazia. Akaweka ungo kando, akaviona viatu vyake chini ya meza, akavivaa, akatoka, akatufungia mlango.

Sista akavuta kiti chake karibu na changu.

"Sasa nionyeshe jioni."